Siku tatu bila nchi kavu: kiti cha sitaha au ratiba ya meli?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ipagala, Dodoma, kina akina mama kumi na wawili, na watano kati yao wameanza kutenga fungu la pembeni kwa ajili ya safari ya meli ya kitalii. Kila Jumamosi tukishafunga daftari, swali linalorudi ni lile lile. Siku za bandarini wanazielewa: utashuka, utatembea, utanunua kitu cha kuwapelekea wajukuu, jioni utapanda. Kinachowatia wasiwasi ni siku ambazo meli haitii nanga popote, maji mbele na maji nyuma tangu alfajiri hadi usiku. Mtu aliyezaliwa Chamwino au Bahi atafanya nini huko kutwa nzima, tena kwa hela yake?

Naulizwa mimi kwa sababu nimeshakwenda, mimi na wifi yangu. Tulipanda Durban mwezi wa pili, tukashukia Port Louis kule Mauritius, na katikati kulikuwa na siku tatu mfululizo bila kuona nchi kavu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Wifi, mjane wa kaka yangu, amefundisha shule za msingi Kondoa mpaka alipostaafu. Tulilala kabini moja na kula meza moja, lakini zile siku tatu kila mmoja alizitumia kwa njia yake, na njia hizo hazikufanana hata kidogo. Sote wawili tulishuka tumeridhika. Nimekaa nikatafakari kwa nini, na jibu nililopata ndilo ninalowapa wenzangu: usianze kwa kuuliza meli ina nini, anza kwa kuuliza siku zako za nyumbani zinakosa nini.

Nyumbani kwangu hakuna kimya. Kuna wajukuu wanne, na jirani anayegonga usiku mtoto wake akipata homa, kwa sababu mtaa mzima unajua nilikuwa nesi. Wifi watoto wake wameshaondoka, mmoja Mwanza, mwingine Arusha, na nyumba ya Kondoa imebaki na redio na saa ya ukutani. Mimi nilikwenda baharini kutafuta kimya. Yeye alikwenda kutafuta watu.

Siku za maji zinatoka wapi

Wifi aliziita siku za maji, nami naziita hivyo hivyo. Zipo kwa sababu meli ni chombo cha polepole. Meli kubwa za kitalii huenda maili za baharini 18 hadi 22 kwa saa, yaani kilomita 33 hadi 41, mwendo wa bajaji inayotoka Nkuhungu kwenda mjini. Treni ya SGR inayotutoa hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam inafika kilomita 160 kwa saa. Tofauti ni kwamba meli haisimami kupumzika. Kwa saa 24 inakata kilomita 800 na zaidi, karibu sawa na kwenda Dar na kurudi kwa barabara. Durban hadi Port Louis, ukizunguka kusini mwa Madagaska, ni karibu kilomita 2,900. Gawanya mwenyewe, utaona siku zile tatu zimetoka wapi.

Hili ni la kuangalia kabla ya kulipa. Safari za wiki moja za Bahari ya Mediterania mara nyingi zina siku moja au mbili tu za maji, kwa sababu bandari zimekaribiana. Kuna safari za upande wa pili kabisa: Queen Mary 2 ikivuka Atlantiki kutoka Southampton kwenda New York hutumia kwa kawaida usiku saba, na katikati hakuna bandari hata moja. Kwa mtu wa mara ya kwanza nasema siku mbili au tatu zinatosha. Moja ni fupi mno, utaitumia yote kutafuta ngazi na lifti.

Kiti cha sitaha

Njia yangu ilikuwa hii. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu niliamka, nikachukua chai kwenye bufee, nikaenda sitaha ya matembezi, yaani ile ghorofa ya wazi inayozunguka meli chini ya mashua za uokoaji. Si sitaha ya bwawa la kuogelea, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukisema "kukaa nje" mtu anapata picha kichwani ya bwawa, muziki, na viti vimepangwa kama kwenye matangazo. Sitaha ya bwawa siku ya maji ndiyo mahali penye watu kuliko pote melini, kwa sababu hakuna aliyeshuka. Viti vinajaa kabla ya saa tatu. Watu huweka taulo na kitabu juu ya kiti, wakaenda zao kunywa chai, kula, na kulala. Kampuni nyingi zina kanuni kwamba kiti kisichokaliwa kwa dakika 30 au 40 vitu vyake viondolewe, lakini nilichokiona mimi ni wahudumu kuona haya kuifuata. Kuna baba mmoja aliwekea familia yake viti sita tangu alfajiri, na hadi adhuhuri sikuona aliyevikalia.

Sitaha ya matembezi ni kitu kingine. Kuna kivuli cha sitaha iliyo juu, kuna mbao chini, kuna upepo, na maji yako karibu kiasi kwamba unayasikia yakipasuka ubavuni. Si kila meli mpya inayo inayozunguka yote, kwa hiyo ulizeni. Mimi ningekataa meli nzuri kwa kukosa sitaha hiyo.

Jambo la kujifunza ni upande. Tulikuwa tunaelekea mashariki na kuinama kaskazini kidogo. Jua la asubuhi lilikuwa mbele na kulia, kwa hiyo kivuli cha kusomea kilikuwa kushoto. Jioni jua lilishuka nyuma kabisa, upande wa tezi. Basi alfajiri nilikuwa nakaa karibu na omo, mbele ya meli, kuona jua likichomoza, na jioni tunakwenda tezi kuliaga. Katikati ya mchana, mwezi wa pili, jua la kule linakaa utosini na maji yanalirudisha usoni. Kuanzia saa nne hadi saa tisa msikae juani, hata sisi wenye ngozi nyeusi. Niliwaona watu wamebabuka mabega siku ya kwanza wakakosa raha siku mbili zilizobaki.

Na upepo. Meli ikienda kilomita 35 kwa saa inajitengenezea upepo wake hata bahari ikiwa imetulia. Chukueni sweta na kitenge kizito, vile vile mnavyovaa hapa Dodoma mwezi wa saba.

Je, kuna cha kuona? Kipo, lakini hakiji kwa kuitwa. Siku ya pili, nikiwa nimeegemea reli, kitu kilitoka majini kikapita juu ya mawimbi, kikarudi majini, kisha vikatoka kumi kwa pamoja. Walikuwa samaki wenye mapezi kama mabawa. Watu wa pwani huwaita panzi, na kweli ukiwaona unamkumbuka panzi wa shamba la mtama anayeruka mbele ya miguu yako. Ndege wakubwa wa baharini walitufuata siku ya kwanza wakaachia njia. Nyangumi msiwategemee kwa safari za Desemba hadi Machi: wale wenye nundu huja maji ya Msumbiji na Madagaska kuzaa kati ya Juni na Novemba, kisha hurudi kusini kwenye baridi. Anayetaka nyangumi achague miezi hiyo.

Nisiseme uongo, sehemu kubwa ya muda nilikuwa natazama maji tu. Nimekulia Mvumi. Nikiwa na miaka saba nilikuwa natoka na mama usiku wa manane kuwahi foleni ya kisima, na ndoo moja ilikuwa ya kupikia, kunawia na kunyweshea ndama. Kukaa mbele ya maji yasiyo na mwisho, na nisiwe na ndoo mkononi, hilo peke yake lilinishughulisha saa nyingi.

Ratiba ya meli

Wifi hakuwa na habari na kiti changu. Kila usiku tulikuta kitandani karatasi ya ratiba ya kesho, na meli nyingi sasa huiweka pia kwenye programu ya simu. Siku ya bandari ratiba ni fupi. Siku ya maji inajaa kurasa mbili: kunyoosha viungo saa moja asubuhi, mhadhara saa nne, mashindano ya maswali, somo la dansi, onyesho la mapishi, kukunja karatasi kuwa maumbo, bingo, chai ya saa kumi, muziki, na mchezo wa jukwaani usiku. Wifi alichukua kalamu nyekundu ya ualimu akazungushia tisa.

Siku ya kwanza alihudhuria zote tisa. Saa mbili usiku alilala na viatu.

Siku ya pili alipunguza zikabaki nne, na hapo ndipo alipoanza kufaidi. Mhadhara ulikuwa juu ya Mauritius na ndege dodo, yule mkubwa asiyeruka, aliyekuwa kisiwani humo peke yake duniani na akatoweka katika karne ya 17 baada ya mabaharia kufika na wanyama wao. Wifi aliuliza maswali mawili mbele ya ukumbi mzima, kwa Kiingereza chake cha darasani kilichonyooka, na mhadhiri akamwomba abaki baadaye wazungumze. Kwenye somo la dansi akapata mwenzake, mama wa Pietermaritzburg ambaye naye alikuwa mwalimu. Wanaandikiana hadi leo. Mtu mmoja aliyepatikana kwa dakika 45 za kujifunza hatua za miguu, hicho ndicho wifi alichokifuata baharini, na kiti changu cha sitaha kisingempa.

Kwa hiyo nikilinganisha, ratiba inashinda kwa anayesafiri peke yake, kwa mjane, kwa mtu aliyestaafu karibuni na bado anataka kengele ya kumwambia sasa ni kipindi gani. Inashinda pia siku ya mvua. Inashindwa kwa aliyechoka. Nimewaona watu wakikimbia ngazi na karatasi mkononi, uso umekunjamana, kama wanachelewa kikao cha idara.

Lugha ni ya kuzingatia, na sijaona wengi wakiisema. Karibu kila kitu huendeshwa kwa Kiingereza, na kwenye meli za makampuni ya Italia matangazo hurudiwa kwa lugha nne au tano, Kiswahili hakimo. Mama asiye na Kiingereza asikate tamaa. Dansi, mazoezi, kazi za mikono, muziki na matembezi havihitaji kuelewa kila neno. Mihadhara na mashindano ya maswali vinahitaji. Kikundi kikienda pamoja, mmoja anayejua lugha na akae katikati.

Ushauri wangu, baada ya kuona siku zake na zangu, ni miadi mmoja tu kwa siku. Chagueni usiku uliotangulia kitu kimoja mtakachokifuata hata iweje. Kingine chochote kikitokea ni ziada.

Kabini, veranda na tumbo

Hapa naongea kama nesi, na ninaomba mnisikilize, kwa sababu tumbo ndilo linaloamua kama siku za maji zitakuwa sikukuu au adhabu.

Pwani ya Afrika Kusini hupitiwa na Mkondo wa Agulhas, mkondo wenye nguvu unaoshuka kuelekea kusini-magharibi. Upepo ukivuma kutoka kusini-magharibi kukabiliana nao, mawimbi huinuka makubwa. Usiku wetu wa kwanza kutoka Durban ulikuwa hivyo. Meli za kitalii zina mapezi chini ya maji yanayotokeza ubavuni kupunguza kuyumba kwa upande, lakini kuinuka na kushuka kwa omo hayawezi kukuzuia usikuhisi. Glasi zilikuwa zinagongana kabatini.

Chumba kinachochaguliwa kwa akili ni cha katikati ya meli na sitaha ya chini. Meli ni kama ubao wa pembea: katikati hutulia, ncha hupanda na kushuka, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Vyumba vya juu mbele ndivyo vinavyosifiwa kwa mandhari, na ndivyo vinavyotapisha.

Je, veranda inafaa kulipiwa? Kwa safari yenye siku moja ya maji, hapana. Kwa siku tatu na zaidi, mtu kama mimi atafaidi, kwa kuwa ni kiti cha nje ambacho hakuna atakayekiwekea taulo. Kwa mtu kama wifi ni hela ya bure, maana chumbani alikuja kubadilisha nguo. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi zaidi kwa bei, na giza lake linafaa kulala, ila mwenye tumbo jepesi asikichukue. Kichefuchefu cha baharini hutokana na macho kuambia ubongo kwamba umetulia huku sikio la ndani likisema unatikisika. Dawa ya kwanza ni kuyapa macho kitu cha kweli: toka nje, tazama upeo wa macho, pale mbingu zinapogusana na maji, usisome, usitazame simu.

Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha safari humezwa kabla meli haijaanza kuyumba. Ukishatapika umechelewa. Vingi huleta usingizi na kukausha mdomo, na wenye shinikizo la macho au tezi dume iliyovimba wamuulize mfamasia au daktari kwanza, wazee wengi hulisahau hilo. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara makubwa. Nilibeba yangu iliyokaushwa kutoka soko la Majengo. Kula kidogo kidogo, biskuti kavu na tufaha, kuliko kukaa na njaa.

La pili ni kuhara. Watu wengi wakigusa vijiko vile vile, virusi vya noro husambaa haraka. Dawa ya mikono ya kupaka inayowekwa mlangoni haiviui vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde ishirini, kabla ya kila mlo na baada ya kila choo. Nimeifundisha hiyo wodini maisha yangu yote na melini niliifuata bila aibu.

Bufee au meza ya kuandaliwa

Siku ya maji bufee hufurika saa tatu asubuhi na saa saba mchana, nyakati ambazo kila mtu amekuwa na wazo moja. Ukumbi wa meza, unakoketi ukahudumiwa, watu wengi hufikiri ni wa usiku tu, kumbe siku za maji mara nyingi hufunguliwa mchana pia, na huwa nusu tupu. Bei ni ile ile, imo kwenye nauli. Sisi tulikula huko siku zote tatu.

Wifi ni Mwislamu, na aliagiza chakula halali kupitia kwa wakala tangu tulipolipa nauli. Hilo lifanyeni mapema, msingoje kupanda. Hata hivyo kuna mlo mmoja hawakuweza kumthibitishia nyama, akala samaki. Kuhusu swala, kibla hubadilika meli ikigeuka. Dodoma anaelekea kaskazini na kuinama kidogo mashariki. Kule kusini mwa Madagaska aliinama magharibi badala yake. Televisheni ya kabini ina ramani inayoonyesha meli inaelekea wapi, na dira ya simu hufanya kazi bila intaneti. Mimi Jumapili nilisali kwenye ukumbi mdogo wa maonyesho, ibada ya nusu saa, watu thelathini hivi wa madhehebu yote, na nyimbo ambazo kila mmoja aliziimba kwa lugha yake.

Kasino, maduka, saluni

Haya nayapita haraka. Kasino na maduka ya melini hufungwa bandarini kwa sababu ya sheria na kodi za nchi husika, hufunguliwa mkishafika bahari kuu. Ndiyo maana siku za maji yanapigiwa debe kutwa. Hakuna kitu dukani ambacho sijakiona kikiwa na bei nzuri zaidi nchi kavu. Mwenye kutaka kukandwa mwili asubiri siku ya bandari: saluni huwa tupu, na mara nyingi bei hushushwa. Melini hamlipi taslimu, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba, na ni rahisi kusahau. Kampuni nyingi kubwa pia huongeza bakshishi ya wahudumu moja kwa moja, kwa kawaida dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Hesabuni hiyo kabla, siku za maji nazo zinahesabika.

Simu: kuunganishwa au kukatika

Kabla meli haijaondoka weka simu kwenye hali ya ndegeni. Mkiwa mbali na nchi kavu simu hushika mtandao wa meli yenyewe, na dakika chache zinaweza kula salio la mwezi. Intaneti ya meli hununuliwa kwa siku au kwa safari nzima. Siku hizi meli nyingi zinatumia setilaiti za Starlink, kasi inatosha kupiga simu ya video.

Wifi hakununua kabisa. Mimi nilinunua siku moja, ya katikati, na ningeshauri hivyo hivyo. Ukiwa na mtandao kila siku, utajikuta unaamua kutoka katikati ya Bahari ya Hindi ni nani akaoneshe shati la sare kwa fundi. Ukiikosa kabisa, mwenye wajukuu hatalala. Nilizungumza nao saa nzima, nikawaonyesha maji pande zote, nikazima.

Kumbukeni pia saa. Durban iko nyuma ya Dodoma kwa saa moja, Mauritius iko mbele yetu kwa saa moja. Ukielekea mashariki meli inasogeza saa mbele usiku, kwetu mara mbili, kwa hiyo zile siku tatu zilipungua saa mbili za usingizi. Usiku mmoja katikati saa ya meli ilikuwa sawasawa na ya Ipagala, na hiyo ndiyo siku niliyoichagua kupiga simu. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Mama anayesoma saa kwa Kiswahili aandike pembeni: 14:00 ni saa nane mchana. Wifi nusura akose somo la dansi kwa sababu hiyo.

Adhuhuri nahodha hutangaza meli ipo wapi, mwendo, upepo na kina. Siku ya tatu alisema chini yetu kulikuwa na zaidi ya mita 4,000 za maji. Watu walinyamaza kidogo. Miezi hiyo, Novemba hadi Aprili, ni msimu wa vimbunga katika bahari hii. Kimbunga Freddy kilipita huku mwaka 2023 kikapiga Madagaska, kisha Msumbiji mara mbili. Nahodha akibadilisha njia au kuacha bandari, siku za maji zitaongezeka na hamtaulizwa. Hii nayo ni sababu ya kujua mapema mtazitumiaje.

Kwa hawa watano wa kwetu

Nimewaambia hivi, mmoja mmoja.

Mwenye duka la nafaka Sabasaba, anayeongea na wateja tangu asubuhi hadi jioni, achukue chumba chenye veranda, sitaha ya chini, katikati ya meli, asiguse ratiba siku ya kwanza. Mama anayeishi peke yake mtaa wa Kisasa tangu binti yake aolewe, achukue chumba cha kawaida chenye dirisha, hela ya veranda aiweke akiba, na asikose somo la dansi hata kama magoti yanalalamika, kuna viti pembeni. Yule atakayekwenda na mjukuu wa miaka tisa aangalie kama meli ina chumba cha watoto. Kwa kawaida siku za maji hufunguliwa asubuhi hadi usiku na hakilipiwi, kwa hiyo bibi naye atapata asubuhi yake.

Mwenzetu mwenye shinikizo la damu amepewa masharti na daktari wake, na mimi nimeyaongezea: dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na zizidi siku za safari kwa wiki moja.

Wa tano ndiye aliyenipa kazi. Ni mtulivu, hapendi umati, na nyumbani kwake kuna kimya kingi tayari. Kwa kanuni yangu ningempeleka kwenye ratiba. Lakini nilimwona wifi siku ya tatu. Alikuja sitaha saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kitenge changu begani, bila karatasi wala kalamu nyekundu. Akaketi kiti cha pembeni. Hatukusema neno mpaka jua likawa limetoka lote majini, kisha akaniuliza, "Wifi, kila siku ulikuwa unaona hivi?" Saa nne alikwenda mhadhara wake, nami nikaenda naye, nikaketi safu ya nyuma.

Basi wa tano nimemwambia achukue kabini pamoja na yule wa Kisasa.